Mawenzi: kilele kifupi kilichochelewa kupandwa

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Rombo, lakini kwa sasa ninaishi na kufanya kazi Moshi mjini. Tangu utotoni nimekuwa nikikiona kilele cha Mawenzi cha Mlima Kilimanjaro kila asubuhi kuliko cha Kibo, kwa sababu kwetu, katika mji wa Mkuu, ndicho kinachotutazama. Wageni wote ninaokutana nao hapa mjini wanakwenda Kibo, na sijamsikia hata mmoja akisema ametoka Mawenzi, ingawa ni kifupi kwa zaidi ya meta mia saba. Bibi yetu alituambia kwamba hakipandiki. Je, kimewahi kupandwa? Aliyetangulia ni nani, na kwa nini wageni hawapelekwi huko?

Jibu: Ndugu yangu, Mawenzi kimepandwa, na tarehe yake inajulikana. Ilikuwa 29 Julai 1912, na waliofika juu ni Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute. Jambo la kuzingatia ni kwamba wakati huo kilele cha Kibo kilikuwa kimekwisha kupandwa karibu miaka 23 iliyotangulia, yaani kilele kirefu kilitangulia na kifupi kikafuata nyuma sana. Nikilieleza pengo hilo vizuri nitakuwa nimejibu pia kwa nini wageni wako wanatoka Kibo na si Mawenzi.

Nianze na urefu, kwa sababu ndio unaotupoteza sote. Uhuru, sehemu ya juu kabisa ya Kibo, ina meta 5,895. Mawenzi kina meta 5,149, na endapo kingehesabiwa kama mlima unaojitegemea kingekuwa cha tatu kwa urefu Afrika, nyuma ya Kibo na Mlima Kenya wenye meta 5,199. Nilipoanza kazi ya kubeba mizigo, kabla sijawa mwongozaji, nami nilidhani kwamba anayemudu Kibo atakimaliza Mawenzi kabla ya chai ya saa nne. Kibo ni mlima wa kutembea. Anayekishindwa hushindwa na baridi, na uchovu, na zaidi ya yote na hewa, kwa kuwa pale Uhuru oksijeni tunayoipata kwa kila pumzi ni takribani nusu ya ile ya pwani. Lakini kwa njia ya Marangu miguu yake haiachi udongo na changarawe, na mikono yake haina kazi zaidi ya kushika fimbo. Mawenzi hakitembewi. Kutoka sehemu fulani kwenda juu, mtu huhitaji kamba, kofia ngumu, na mwenzake anayejua kufunga kamba hiyo kwenye mwamba ambao wenyewe hautaki kushikwa.

Sababu ya mwamba huo kuwa hivyo ni ya kale. Kilimanjaro ni volkano tatu zilizosimama pamoja: Shira upande wa magharibi, Mawenzi upande wa mashariki, na Kibo katikati. Shira ilianza kulipuka takribani miaka milioni 2.5 iliyopita, Mawenzi na Kibo zilifuata, zikianza kiasi cha miaka milioni moja iliyopita. Mawenzi ilizimika mapema, ilhali Kibo iliendelea kumwaga lava na kujipandisha juu ya mwenzake, na hadi leo gesi yenye harufu ya kiberiti hutoka katika kreta yake, yaani shimo la mdomo wa volkano. Volkano iliyozimika haina wa kuikarabati. Mvua, barafu na jalidi viliila Mawenzi kwa muda mrefu mno, vikaondoa majivu na mawe laini, vikabakiza kuta nyembamba za mwamba mgumu zilizokuwa zimeganda ndani ya nyufa za volkano. Hizo ndizo zile ncha unazoziona kutoka Moshi kama meno ya msumeno. Upande wa mashariki, ule unaotazama Rombo, mlima umebomoka kabisa, ukaacha ukuta unaoshuka zaidi ya meta 1,000 hadi kwenye bonde kubwa la makorongo. Kwa hiyo nyinyi wa Rombo mnautazama upande mbaya kuliko yote, na sishangai kwamba bibi alisema hakipandiki. Kwa upande aliokuwa akiuona yeye, karibu alisema kweli.

Sasa niingie katika historia, na nitapita haraka pale ambapo wengi hukaa. Hans Meyer, mtoto wa ukoo wa wachapishaji wa vitabu wa Leipzig, alikuja mara tatu kwa ajili ya mlima huu. Mwaka 1887 alizuiwa na barafu ya Kibo. Mwaka 1888 hakuufikia mlima hata kidogo, kwani yeye na mwenzake Oscar Baumann walikamatwa wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, wakaachiwa baada ya kulipa fidia. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg ambaye kupanda milima kwake kulikuwa zaidi ya mapenzi. Tarehe 3 Oktoba waligeuza karibu na ukingo wa kreta, wakiwa wamechoka kwa kukata ngazi katika barafu, na tarehe 6 Oktoba, siku ambayo Purtscheller alitimiza miaka 40, walifika juu ya Kibo.

Simulizi nyingi huishia hapo, kana kwamba siku ya pili walikuwa Marangu wakinywa mbege. Hawakurudi chini kijijini. Waliteremka tu hadi kwenye uwanda mkavu ulio kati ya vilele viwili, wakamgeukia Mawenzi. Watu hawa wawili walikuwa wametoka tu kuwa wa kwanza kusimama juu ya Afrika yote, walikuwa wamekwisha kuzoea hewa, na mmoja wao alikuwa miongoni mwa wapandaji hodari wa Ulaya wa enzi hiyo. Hata hivyo Mawenzi kiliwashinda. Walifika kwenye ncha ya pembeni, wakakiona kilele chenyewe kikiwa juu yao ng'ambo ya nyufa, kisha ugonjwa ukawarudisha nyuma. Tarehe 18 Oktoba walipanda tena Kibo ili kuingia ndani ya kreta, na kwa jumla walikaa siku 16 juu ya meta 4,200. Ukitaka ushahidi mmoja tu wa tofauti kati ya vilele hivi viwili, chukua huo: watu walewale, mwezi uleule, kimoja kilikubali na kingine kikakataa.

Katika siku hizo 16 hawakuwa peke yao. Kambini kwao juu alikuwapo Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyewapikia na kuwatafutia maji na kuni. Aliyewahi kulala kwenye uwanda ule anajua maana ya neno "kuni" pale: hakuna mti, hakuna kichaka cha maana, na kila kinachoungua lazima kipandishwe kutoka chini kwa mgongo wa mtu. Mzaliwa wa pwani, aliyelelewa katika joto la minazi, alikaa mahali ambapo maji huganda kila usiku. Ninamtaja kwa sababu sisi tunaofanya kazi hii tunajua kwamba hakuna kilele kinachofikiwa bila mtu wa namna hiyo, na kwa sababu jina lake halisikiki sana hata hapa Moshi. Linalosikika ni la Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye mwaka 1989, katika maadhimisho ya miaka 100, kamati ya maandalizi ilimtambua kuwa mmoja wa waliokuwa katika msafara wa Meyer. Yeye mwenyewe hakumkumbuka Meyer wala Purtscheller. Alichokumbuka ni kwamba alipanda bila viatu, na alisema amepanda mara tatu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Alifariki tarehe 10 Mei 1996. Watu hubishana kama alisimama kileleni siku ile ya Oktoba 1889 au hakusimama. Kwa maoni yangu ubishi huo unampunguzia heshima badala ya kumwongezea, kwa sababu aliyepanda mlima huu peku mara tatu hahitaji kuazimwa siku ya mtu mwingine.

Baada ya Meyer, Kibo chenyewe kilikaa miaka 20 kabla ya wengine kukifika kileleni; wa pili walikuwa Lange na Weigele, mwaka 1909. Mawenzi kiliendelea kungoja hadi Oehler na Klute walipofika mwaka 1912. Klute alikuwa mwanajiografia, na kazi yake kubwa ilikuwa kuupima mlima kwa picha ili kuchora ramani. Waliupanda Mawenzi kwa upande wa magharibi, unaotazama Kibo, ambako makorongo yaliyojaa barafu yanakata ukuta na kumpa mtu mahali pa kupita. Walichagua Julai, mwezi wa kiangazi na wa baridi kali, na uchaguzi huo ulikuwa wa busara kwa sababu nitakayoieleza hivi punde. Hawakuridhika na hapo: waliendelea hadi Kibo, wakapanda kwa upande wa magharibi kupitia barafu ya Drygalski, wakawa wa tatu kufika kileleni, kisha wakashukia kwenye pengo la ukuta wa magharibi wa Kibo.

Ramani ya Klute ina faida nyingine ambayo yeye hakuitarajia. Kwa kuwa ilipima barafu ya Kilimanjaro kwa uangalifu, ndiyo inayotuwezesha leo kujua kwamba mwaka 1912 barafu hiyo ilifunika takribani kilometa za mraba 12, ilhali kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Kila unaposikia habari za kuyeyuka kwa theluji ya Kilimanjaro, hesabu inaanzia kwa mtu aliyekuja kupanda Mawenzi.

Kuhusu majina, kuna jambo ambalo hunichekesha kila ninapowaeleza wageni. Oehler na Klute walipofika juu, walikipa kilele cha juu cha Mawenzi jina la Hans Meyer, mtu ambaye kilimshinda. Klute aliambulia ncha ya pembeni, na Purtscheller naye ana yake, jirani kabisa. Kilele cha Kibo, ambacho Meyer alikipa jina la mfalme wake Kaiser Wilhelm, kilibadilishwa jina kuwa Uhuru baada ya uhuru wetu wa mwaka 1961, ambao Luteni Alexander Nyirenda aliuadhimisha kwa kupandisha huko bendera na mwenge. Mawenzi hakikuguswa. Kama ungeniuliza mimi, ningesema kwamba hakikuguswa kwa sababu ileile ya kutopandwa: hakuna aliyekuwa na haja ya kwenda huko na bendera.

Waliofuata baada ya 1912 wanatufundisha kitu kingine. Mwaka 1924 George Londt wa Afrika Kusini alipanda akikusudia kilele cha juu, akajikuta juu ya ncha ya kusini, ambayo ni fupi zaidi. Mwaka 1927 Waingereza watatu walikipanda Mawenzi, na mwaka huohuo Sheila MacDonald akawa mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Kibo. Kisha, mwaka 1930, wakaja Eric Shipton na Bill Tilman, walowezi wa Kenya ambao baadaye walipata sifa kubwa katika milima ya Himalaya. Hao pia walipotea. Walifika juu ya ncha inayoitwa Nordecke wakidhani wamefika penyewe. Usiwacheke. Nordecke ina meta 5,140 na Hans Meyer ina meta 5,149, na tofauti ya meta 9, ambayo ni kama nyumba ya ghorofa tatu, haionekani kwa macho ukiwa umezungukwa na ncha nyingine nyingi na ukungu umekwisha kupanda kutoka msituni. Kwenye Kibo hata aliyechoka mno anajua upande wa juu ni upi. Kwenye Mawenzi unaweza kupanda siku nzima kwa ustadi, ukafika mwisho wa mwamba, na usijue kwamba kilele ulichokitafuta kiko mwendo wa jiwe la kutupa kutoka hapo, na kwamba kati yako nacho kuna ufa usiovukika.

Nirudi kwenye mwamba, kwa sababu hapo ndipo kiini cha jibu kilipo. Miaka mingi iliyopita mimi na waongozaji wenzangu wawili, tukiwa na kamba na kibali, tulijaribu korongo moja la upande wa magharibi. Tulianza saa tisa usiku. Hadi saa kumi na mbili tulikuwa tumepanda vizuri, kwa kuwa baridi ilikuwa imeyashika mawe yote kama saruji. Jua lilipokigusa kilele, sekunde chache tu, mlima ulianza kuzungumza: kwanza kokoto, kisha jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu likapita likivuma kama nyuki, kisha mengine. Tulijibanza chini ya mwamba uliochomoza, tukangoja, tukashuka. Hakuna aliyeumia, na hakuna aliyependekeza turudi kesho yake. Maji yanayoingia kwenye nyufa huganda usiku na kutanuka, hivyo hupanua nyufa hizo. Asubuhi barafu inayeyuka na jiwe linakosa cha kulishikilia. Ndiyo maana nimesema Julai ulikuwa uchaguzi wa busara, na ndiyo maana pia nadhani Oehler na Klute walipanda mlima uliokuwa na nafuu kidogo kuliko wa leo. Barafu iliyojaza makorongo yale ilikuwa kazi kuikata, lakini ilikuwa gundi. Sasa gundi hiyo imepungua sana na mawe yamebaki.

Upande wa mashariki sitausema sana. Wapo waliowahi kuupanda, wachache na hodari. Wazee wa Rombo na Marangu wanaukumbuka kwa jambo jingine: tarehe 18 Mei 1955 ndege aina ya Dakota iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Mawenzi upande wa kusini mashariki, na watu wote 20 waliokuwamo walifariki.

Kwa hiyo wageni wako hawapelekwi Mawenzi kwa sababu safari yake haiwezi kuuzwa kama safari ya Kibo inavyouzwa. Mgeni wa kawaida wa Kibo hajawahi kufunga kamba maishani mwake, na wengi wetu waongozaji tumefunzwa kumtunza mtu anayeugua kwa ajili ya urefu, si kumteremsha aliyevunjika mguu kwenye ukuta wima. Wapagazi wetu, wagumu kama wanavyojiita wenyewe, hawana mahali pa kupita na mizigo kule juu. Anayetaka kweli kukipanda aende kwanza ofisi za hifadhi pale Marangu, aulize kama upandaji unaruhusiwa kwa msimu huo na kwa masharti gani, kabla hajalipa senti yoyote kwa mtu yeyote anayemwambia kwamba ni jambo rahisi.

Kuhusu maneno ya bibi, sidhani kwamba alikuwa akizungumzia kamba na kofia ngumu. Katika Kichagga Kibo ni Kipoo, chenye madoa, na Mawenzi ni Kimawenze, kilichovunjika juu. Simulizi hutofautiana kijiji kwa kijiji, lakini kiini chake ni kimoja: Mawenzi alikuwa mvivu, moto wake ukawa unazimika, akawa anakwenda kwa jirani yake Kibo kuomba. Kibo alikuwa akitwanga ndizi kavu. Akampa moto, na ndizi pia. Mawenzi akarudi tena akisema umezimika njiani, akapewa. Aliporudi mara ya tatu Kibo alichukua mchi na kumpiga nao kichwani, na hayo ndiyo mapengo tunayoyaona. Wanajiolojia wakisema kwamba moto wa Mawenzi ulizimika mapema na wa Kibo ukabaki, hawajatofautiana na wazee wetu isipokuwa katika habari ya mchi.

Wewe mwenyewe unaweza kukikaribia bila kukipanda. Njia ya Rongai inaanzia kwenu Rombo, pale Nale Moru, na misafara mingi inayoifuata hulala usiku mmoja au miwili kwenye kambi ya Mawenzi Tarn, yenye meta 4,330, kando ya kijiziwa kilichokaa chini kabisa ya kuta zenyewe. Kutoka hapo waongozaji huwapandisha watu kidogo kwenye ukingo ulio juu ya kambi ili wazoee hewa, na ukiwa hapo utaona kwa ukaribu makorongo, kuta na ncha zote nilizozitaja. Nenda kati ya Julai na Septemba au Januari na Februari, amka mapema kabla ukungu haujapanda, na mwambie mwongozaji wako akuonyeshe Nordecke na Hans Meyer. Mara nyingi mtabishana ni ipi iliyo ndefu. Na usiku, ukisikia kama mtu anamwaga kokoto kutoka kwenye lori mahali fulani gizani, usitoke hemani, ila hakikisha tangu jioni kwamba hema lenyewe halikusimikwa upande wa ukuta.